Kitu Ambacho Dunia Haijakitia Mkono

Benchi la kijiwe lilikuwa mbele ya karakana ya Randa, seremala, aliyelichonga mwenyewe na hachoki kukukumbusha. Pembeni Mama Birika aliuza kahawa. Kifungo, fundi cherehani, alikuwa na duka lake upande wa pili wa barabara, lakini huko alionekana pale tu alipopotelewa na mkasi. Asubuhi hiyo Mwalimu aliwajia mbio, chaki sikioni, roho mkononi. Juzi, akifundisha utandawazi, kimbelembele kilimpanda: aliwaahidi wanafunzi arobaini na wawili kwamba atawaletea kitu kimoja cha mtaani ambacho dunia haijakitia mkono. Akikikosa, atawika kama jogoo mbele ya darasa. Na jana mkuu wa shule akamwambia kwamba mkaguzi atakuja kukaa kwenye kipindi hichohicho, saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu na robo, na Mwalimu hakuwa hata na kijiti.

— Umewaahidi darasa gani? — aliuliza Mama Birika akimmiminia kahawa.

— La saba B.

— Pole, baba. Hao hawasahau.

— Nisaidieni, jamani. Nikiwika mbele ya mkaguzi, nimekwisha.

Kifungo alijishika ukosi.

— Chukua shati langu. Nimelishona mwenyewe.

— Kitambaa je?

— Kimekuja na meli.

— Na vifungo?

— Vilikuja na kitambaa. Uzi usiniulize.

— Sasa cha kwako hapo ni nini?

— Jasho.

Mwalimu alilitazama lile jasho, akaona halibebeki.

— Vumbi basi — alisema Mama Birika. — Nalifagia kila asubuhi, nalijua kama mwanangu.

— Lile linaletwa na matairi ya malori — alisema Randa. — Malori yanatoka mpakani. Wewe unafagia nchi za watu, mama.

Mama Birika aliutazama ufagio wake kwa heshima mpya.

— Haya, umbea — alisema. — Umbea wa mtaa huu ni wa mtaa huu.

— Thubutu — alisema Kifungo. — Dada yangu yuko ng'ambo mwaka wa tisa huu. Jana kanipigia simu kuniambia jirani yangu amehama. Nikachungulia dirishani, kweli, nyumba tupu.

Mwalimu alitazama saa yake, akaifunika kwa kiganja.

— Miayo — alisema Kifungo, aliyekuwa amepiga mmoja muda huohuo. — Huu nimeutoa ndani yangu mwenyewe.

— Miayo inaambukiza — alisema Randa. — Uliongea na dada yako jana, huko kwao ni usiku, ana usingizi. Huo ni wa kwake. Umepita kwenye simu.

— Kumbe ndiyo maana nimechoka hivi, na kazi sijafanya.

— Kazi hujafanya tangu mwaka juzi — alisema Mama Birika.

Hapo Randa akasimama, akapangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa amemngojea kila mtu ashindwe.

— Mnahangaika bure na mmekalia jibu. Benchi hili. Mti wake ulisimama hapahapa, ukaangushwa na mvua. Halina msumari hata mmoja, nimeliunga kwa vijiti. Halijapakwa rangi. Dunia hailijui.

Mwalimu aliinama akalikagua chini, akapapasa kila kiungo. Msumari hakuuona. Akamkumbatia Randa mpaka vumbi la mbao likamjaa kifuani. Wakalinyanyua, Mwalimu mbele, Randa nyuma, Kifungo katikati akiwa amelishika kwa vidole viwili tu, na ndipo mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akawasimamisha njiani.

— Habari zenu, jamani. Benchi linakwenda wapi?

— Nzuri, mama. Linakwenda shule — alisema Randa. — Ni kitu pekee mtaani ambacho dunia haijakigusa.

Mama yule alilizunguka taratibu.

— Zuri. Na msumeno ulioupasua huo mti ulitoka wapi?

Randa aligeuka kutazama karakana yake. Msumeno ulikuwa umening'inia mlangoni pake, maandishi ya kigeni yakiwakodolea macho. Benchi likashuka chini polepole.

— Basi — alisema Mwalimu. — Nitawika.

— Usiende kuwika kibubu, ukajiaibisha mara mbili — alisema Mama Birika. — Jaribu hapa kwanza.

Mwalimu, ambaye hakuwa tena na cha kupoteza, alipanda juu ya benchi, akafumba macho, akawika. Aliwika kwa uchungu wote wa mshahara na ukaguzi. Mbwa wa jirani akajibu.

Mama mgeni alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza kwa upole:

— Samahani, mwanangu. Huyo ni jogoo wa kienyeji au wa kisasa?

Mwalimu alimtazama Randa, Randa akamtazama Kifungo, Kifungo akapiga mwayo wa dada yake. Mama Birika alitikisa birika. Halikuwa na kitu.

— Hamjui — alisema yule mama, akitoa faili kwenye mkoba. — Vizuri. Mimi ndiye mkaguzi. Swali hilo liwe la kwanza ubaoni, Mwalimu, na watoto wakufuatie jogoo wako mpaka alikotoka. Benchi mlilete. Mara ya mwisho kiti mlichonipa shuleni kwenu kilikuwa na miguu mitatu.