Vuka Sifuri

Bajaji ilipoondoka stendi, Happy alikuwa ameshamkasirikia kaka yake. Kando yao Verediana, aliyetoka kuanua matanga ya mumewe, mwalimu wa hesabu, aliwasikiliza.

“Kaka Nashoni, mtihani kesho! Mlinganyo una mizizi mitatu, yaani namba za kuleta sifuri, nami nimejaribu moja hadi kumi. Sifuri haiji!”

“Jaribu kumi na moja.”

“We kaka! Alama zote ni za kujumlisha, jibu linazidi kunenepa tu!”

“Basi mwalimu wenu kakosea.”

Kama kawaida, lawama kwa mwalimu, Verediana aliwaza. Marehemu angegonga ubao: “Ukikwama huku, vuka sifuri, katafute kwenye hasi.” Verediana alifungua mdomo, sauti ikagoma.

Ndugu hao walishuka kituo cha Ilomba, Nashoni akipendekeza kumi na mbili. Bajaji ilikuwa imeshaondoka sauti ilipomtoka: “Vukeni sifuri!”

Dereva akafunga breki. “Sifuri ndiyo kituo gani, mama?”