Kulusumu Marjan, Aliyerusha Njiwa Kutoka Wanale

Assalaam aleikum. Ndugu, jamaa, majirani wa Kimaka, na nyinyi mliotoka Mbale alfajiri kuja kuzika pamoja nasi, kwa niaba ya familia ya Sajini Ibra Marjan, mdogo wa marehemu, Amir, huyu anayesimama mbele yenu, amepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake Kulusumu, na kabla hajaanza anawaeleza wazi kwamba wako waliomshauri jana aziruke habari za njiwa, aseme tu kwamba alikuwa mama mwema mwenye kupenda dini na watu, lakini marehemu aliacha karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe, akisema njiwa wasomwe, kwa hiyo watasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 mtaani Namatala, Mbale, mtoto wa kwanza wa Sajini Ibra Marjan na Bi Faridah, katika nyumba iliyozungumza Kinubi jikoni na Kiswahili cha kambini barazani. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 hapo hapo Mbale, akamaliza la saba mwaka 1975, akaingia sekondari mwaka uliofuata, lakini Aprili 1979, utawala wa kijeshi ulipoanguka na watoto wa askari wa zamani wakaanza kutazamwa kwa jicho baya, mama alimwambia avue sare akae ndani, naye akaivaa sare ile siku tatu mfululizo, akatembea mpaka shuleni, akakuta lango limefungwa, akarudi, na ni siku ya nne tu ndipo alipokubali kwamba masomo yamekwisha.

Mwaka 1982 alihamia Jinja, akapata kazi katika kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kufuma, akakaa hapo miaka kumi na mitano hadi mashine ziliposimamishwa, na tarehe 2 Februari 1998 akaajiriwa kutunza stoo katika duka la vitambaa la Bwana Ghanshyam na mkewe, Mama Ansuya. Juu ya paa la duka hilo Bwana Ghanshyam alifuga njiwa wa mashindano, wale wanaopelekwa mbali wakaachiwa, kisha wakashindana kurudi nyumbani, na marehemu, aliyekuwa akipanda huko saa ya chakula cha mchana ili apate upepo, akaanza kuuliza maswali, akajibiwa, akauliza mengine, mpaka mzee yule akawa anamwachia yeye kazi ya kuwavisha makinda pete za miguuni.

Alifunga ndoa tarehe 6 Julai 1985 na marehemu Jamiru Doka, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Swabrah aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye leo anaishi Namatala, na Abdu aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye yuko safarini kutoka Juba. Jamiru alifariki Novemba 2003 katika ajali ya barabarani, na eda ilipokwisha wazee wa ukoo walikuja nyumbani kwake hapa Kimaka, Jinja, kumweleza marehemu kwamba sasa arudi Mbale, akae chini ya paa la Amir, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaandalia chai, akawashukuru kwa kuja, na hakurudi.

Bwana Ghanshyam alipofariki mwaka 2006, watoto wake, waliokuwa ng'ambo wakati ule, hawakuwataka njiwa, na Mama Ansuya akampa marehemu jozi sita pamoja na matundu yao. Akajenga banda nyuma ya nyumba yake, kwa mbao na nyavu, akapigilia misumari mwenyewe, na hapo ndipo maneno yalipoanza, maana mjane anayefuga ndege asiowala wala hawauzi lazima atafutiwe sababu, wengine wakasema ni uchawi, wengine wakasema ni wazimu wa upweke, na siku moja afande mmoja alikuja kumuuliza kwa heshima kabisa kwa nini ndege wake hupita juu ya chuo cha kijeshi cha hapa Kimaka kila asubuhi, na kama miguuni wamefungwa barua. Marehemu alisimama wima kama baba yake, akamjibu kwa Kiswahili kile kile cha kambini: "Afande, hawa hawabebi barua. Wanabeba njaa yao tu." Afande akacheka, akaomba aonyeshwe makinda, na hakuja tena kwa shughuli hiyo.

Sasa Amir anafika mahali ambapo angependa kupita haraka, lakini karatasi hairuhusu. Juni 2013 marehemu alilazwa siku tisa kwa upasuaji wa tumbo, akamkabidhi mdogo wake ufunguo wa banda awalishe ndege, na Amir, ambaye alikuwa amechoka kuulizwa msikitini habari za dada yake, aliwauza wote kumi na tisa kwa mchoma nyama, akijiambia kwamba anamsaidia. Marehemu aliporudi akiwa bado ameshika tumbo, alikwenda bandani kwanza, akatoka, akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wake, na kwa miaka mitano tangu siku hiyo hakumsemesha Amir ila salamu za Idi, wala hakumruhusu mtu yeyote, ndugu wala jirani, kushika tena ufunguo ule, na kazi yote ya njiwa akaifanya peke yake.

Alirudi kwa Mama Ansuya, akapata njiwa wazee wanne waliobaki juu ya paa la duka, akaanza upya na makinda. Wanaojua kazi hii watawaambia kwamba ni ya watu wawili, mmoja awapeleke ndege mbali na mwingine awapokee nyumbani, kwa sababu njiwa mchanga akifika asikute mtu wala chakula, hukaa juu ya paa, na akishazoea paa, amekwisha kwa mashindano. Marehemu hakuwa na mtu wa pili. Kwa hiyo tangu wakiwa na wiki sita aliwazoesha kopo la maziwa lililotiwa mahindi, akilitikisa wakati wa chakula tu na si wakati mwingine, akawawekea mlango wa vijiti vya waya vinavyosukumika kwenda ndani na visivyorudi nje, na kila alipowapeleka, kwanza Bugembe kwa baiskeli, halafu Iganga, halafu Namutumba, halafu Tirinyi, aliwaacha tumbo likiwa nusu, akaweka karanga chache ndani, ng'ambo ya vijiti, ili atakayefika apate zawadi yake pale pale kwa kuingia, hata kama mwenye nyumba bado yuko njiani. Yeye mwenyewe akifika alitikisa kopo, akawagawia karanga zilizobaki kutoka kiganjani, na aliyechelewa naye alipewa sawa na wenzake, kwa sababu, alivyomweleza binti yake Swabrah, ndege anayeadhibiwa kwa kuchelewa, siku nyingine haji kabisa.

Na ili ajue ndege amefika saa ngapi, alifunga uzi mwembamba kutoka kwenye kijiti cha waya hadi kwenye betri ya saa ya ukutani, ndege wa kwanza akisukuma mlango uzi unavuta, betri inachomoka, saa inasimama.

Mwaka 2018 aliomba kujiunga na chama cha wafugaji wa njiwa wa mashindano, mwenyekiti akiwa Bwana Varun, akaambiwa kwamba kanuni inataka kila banda liwe na watu wawili, alete basi mwanamume mmoja, hata kaka. Marehemu alisema kaka anaye, ila huyo anajua kuwauza tu. Wakacheka, wakamnyima. Alichofanya baadaye wengi hapa mnakijua, ila hamkijui chote.

Ijumaa tarehe 17 Agosti mwaka huo alipanda basi la Mbale akiwa na kikapu chenye njiwa sita wachanga, akalala kwa Swabrah, na Jumamosi asubuhi, chini ya mlima pale Wanale, ambapo gari la chama lilikuwa limepanga matundu yake tayari kwa mashindano ya njiwa wachanga kurudi Jinja, alisimama ng'ambo ya barabara na kikapu chake. Mwenyekiti alivuka, akamwambia hana ruhusa. Marehemu akamjibu, na Swabrah aliyasikia maneno haya kwa masikio yake: "Barabara ni ya serikali, na anga si la chama." Saa moja kamili wakafungua matundu, na yeye akafungua kikapu.

Asubuhi hiyo hiyo Amir alikuwa Kimaka. Swabrah alikuwa amempigia simu usiku kumweleza, naye akatoka Mbale kabla ya alfajiri, akafika, na kwa kuwa hakuwa na ufunguo, aliomba kukaa kwenye veranda ya jirani, Mama Nangobi, ambayo inatazama banda. Alikaa hapo akiwa na kalamu ya kuazima. Ndege wa kwanza, jike la kijivu lenye doa jeupe shingoni, alitokea upande wa Bugembe, hakuzunguka, hakugusa paa, alishuka moja kwa moja, akasukuma vijiti, akaingia, na Amir akaandika kiganjani mwake saa tatu na dakika nne, kisha akaona haya kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa mbele ya Mama Nangobi.

Marehemu alifika saa saba mchana, akamkuta mdogo wake amesimama langoni, akapita, akatazama saa ya ukutani kwanza, ikiwa imesimama, halafu akatoka, akakishika kiganja cha Amir, akakisoma, na vikalingana. Ndege wa kwanza wa chama alikuwa ameingia Jinja dakika kumi na moja baada ya yule wa kijivu. Marehemu akatikisa kopo, akawagawia watano waliokuwa wamefika, akamsubiri wa sita mpaka saa kumi, akamlisha naye, ndipo akamwambia Amir aingie ndani ale. Ufunguo hakumpa, na Amir hakuuomba, siku hiyo wala baadaye.

Chama hakikumpa kitu, lakini mwaka uliofuata kiliifuta kanuni ile na kumwandikia barua, naye akarudisha jibu kwamba atajiunga mwenyekiti akija mwenyewe kumwambia, na Bwana Varun, ambaye tunamwona hapa leo na tunamheshimu kwa hilo, alikuja, akasubiri uani mpaka ndege walipomaliza kula, akamwambia. Agosti 2022 marehemu alishika nafasi ya kwanza kwa njiwa wachanga, akiwa mfugaji pekee aliyewafundisha wote peke yake.

Kuhusu ugonjwa, hatutajificha nyuma ya maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Februari 2023 marehemu alianza kikohozi kikavu, na madaktari wakamweleza kwamba vumbi la manyoya ya njiwa limeharibu mapafu yake, na kwamba akiendelea nao hataishi muda mrefu. Aliuliza akiwaacha atapata miaka mingapi, wakamweleza kwa uaminifu kwamba labda mingine michache, naye akasema: "Daktari, umenieleza vizuri, nimeelewa, na jibu ni hapana." Alivaa barakoa, alipunguza ndege, alikaa kwenye kiti bandani aliposhindwa kusimama, na makinda ya mwaka huu aliyafundisha hadi Namutumba. Basi atakayesema kesho kwamba njiwa ndio waliomuua, aseme tu, ni kweli, na yeye alijua kabla yenu. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake, Swabrah akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumkasirikia, Mama Nangobi aliyemletea uji kila siku tangu Mei, Mama Ansuya aliyeshindwa kuja kwa sababu ya uzee lakini ametuma wanawe, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani waliokuja kumi na wawili, chama cha wafugaji, na imamu wetu, aliyewahi kumsema, na ambaye jana alikuja wa kwanza. Wote mliomwambia kitu, mema au mabaya, tunaomba mmsamehe pale alipowajibu kwa ukali, ila hatuwaombi radhi kwa niaba yake kwa namna alivyoishi, kwa kuwa yeye hakutuagiza hivyo.

Dada Kulusumu, tuliokuambia uache, na mimi wa kwanza, ndio tutakaokubeba mchana huu mabegani, na wewe hukuacha. Mwenyezi Mungu akupokee ulivyo. Pumzika kwa amani.