Dk. Leonce Qamara na Mbuzi wa Nainokanoka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dk. Leonce Qamara, bingwa wetu wa upasuaji, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni. Mzaliwa huyu wa Kansay alianza kama tabibu, akaenda kusoma, kisha akarudi hospitalini kwetu Karatu huku wenzake wakibaki mijini. Tulimshangaa.

Kazi yake kubwa imekuwa kuondoa uvimbe ulioota ndani kabisa ya tumbo, nyuma ya utumbo, jirani na figo na mshipa mkubwa wa damu. Kazini hana mzaha. Kwenye chakula, balaa! Hakuna aliyekunywa naye supu ya utumbo bila kupewa somo, na wengi tulihamia kwenye maharage.

Miaka minne iliyopita, Mzee Moloimet wa Nainokanoka alikataa katakata mkewe, Naishorua, aliyekuwa na uvimbe wa namna hiyo, apasuliwe. Alisema tumbo si zizi la kufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Michoro ya Daktari aliitazama kwa heshima, akaondoka na mkewe. Tulipopanda huko kwa huduma ya mkoba, ya kuwafuata wagonjwa vijijini, tulichinjiwa mbuzi. Daktari akaomba afungue mwenyewe tumbo la mbuzi huyo. Akasogeza utumbo, akaonyesha figo na mshipa, akaweka ngumi yake pale ambapo uvimbe wa Naishorua ulikaa. Mzee, aliyechinja tangu ujana, akauliza itakuwaje mshipa ukichanika. Daktari hakumficha: mama anaweza kufia mezani, ndiyo maana lazima damu iwepo. Naishorua akasema tumbo ni lake, na atakwenda. Mzee akaja na ndugu gari zima kuchangia damu. Nyama, kwa kweli, tuliila tumechelewa.

Uvimbe ulitoka wote. Mwaka huu umerudi.

Naishorua atapasuliwa Jumatano, tarehe 2 Julai. Damu yake bado ni pungufu, haiwezekani kuwahisha upasuaji kabla Daktari hajastaafu. Daktari aliombwa aongeze mkataba, akakataa. Alisema mbele yetu sote kwamba mkono umeanza kutetemeka, na mshipa ule hautaki mkono wa namna hiyo. Kisu atakishika Dk. Selestina, mwanafunzi wake.

Dk. Qamara mwenyewe atakaa nje, kwenye benchi la ndugu, kando ya Mzee Moloimet. Tumezoea kumwona akitokea mlangoni na habari. Safari hii atasubiri kuambiwa. Inatuuma, na tunajivunia.

Asante, Daktari. Tunakutakia mapumziko mema, kuanzia Alhamisi.