Mama Vipimo, Mpima wa Daraja la Nyaya

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Baba yake alimfundisha kushika futi kabla hajajua kuandika jina lake, na hadi uzeeni hakuamini kitu ambacho hakijapimwa mara mbili, suruali za wajukuu zikiwemo. Ndipo akaitwa Mama Vipimo.

Alihitimu upimaji katika chuo cha ufundi mwaka 1973, mwanamke pekee darasani. Mwaka 1978 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Walibishana kuhusu desimali kwa miaka thelathini na minne, na walipendana kwelikweli. Mumewe alimtangulia mwaka 2012.

Kazi iliyompa sifa ni daraja la nyaya, lile la minara miwili. Hapo ndipo alipokosea, na aliagiza kosa hilo lisomwe leo. Kaka yake alikataa.

"Dada, marehemu hasemwi vibaya."

"Basi najisema mwenyewe kabla sijafa. Wewe andika."

Mwezi Agosti 1986 alipima sakafu ya daraja saa nane mchana. Alijua fika kwamba jua hurefusha nyaya, sakafu ikashuka, ndiyo maana hupimwa alfajiri. Siku hiyo alikuwa na haraka. Aliona sakafu iko chini, akamwambia fundi aliyeitwa Koleo akaze nyaya zaidi. Asubuhi, nyaya zilipopoa, upande wao wa daraja ulikuwa juu ya ule uliotoka ng'ambo kwa sentimita kumi na moja, haviungani.

"Nani kakaza hivi?" msimamizi aliuliza.

"Mimi," Koleo alisema, akamtazama marehemu. Marehemu alitazama daftari lake. Koleo akafukuzwa palepale.

Siku ya tisa marehemu alikiri. Nyaya zililegezwa, daraja likaungana, naye akapewa onyo tu, jambo lililomuuma zaidi. Koleo alikuwa amekwisha kuhama. Marehemu alimuulizia kila alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2011, asimpate.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki hospitalini tarehe 14 Juni mwaka huu, saa moja asubuhi. Siku mbili kabla, aliomba tangazo la msiba lilitaje daraja. "Huenda Koleo akasikia," alisema.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Fundi Koleo, kama umekuja, familia inakuomba usogee mbele kabla jeneza halijashushwa. Alitaka kukuomba radhi kwa kinywa chake, na sasa tunakuomba sisi. Tutakusubiri kidogo. Kisha dada yangu apumzike kwa amani.