Stoo ya Viti vya Magurudumu: Maneno ya Kumuaga Mwalimu Nyakio

Mheshimiwa Naibu Chansela, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mkuu wa Kitivo, wageni wetu mliotoka Gede, na hasa nyinyi mlioketi kwenye viti vyenu vya magurudumu hapo mbele, wahadhiri wenzangu, wanangu wanafunzi: assalaam alaykum, na wote kwa jumla, hamjambo.

Nimepewa dakika chache nimsifu Mwalimu Nyakio, anayestaafu leo baada ya kufundisha ufundi wa mitambo hapa chuoni miaka kumi na tisa. Aliyepanga ratiba alidhani amemchagua rafiki yake. Hakujua amemchagua mtu aliyemwonea wivu mama huyu kuliko yeyote ukumbini. Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kuyasema haya, naye akaniambia niseme yote, mradi nisile muda wa chakula.

Tuliajiriwa mwaka mmoja. Mimi Zuhair, mtoto wa Mambrui, nilijiona mwenyeji. Yeye alitoka Nyeri, bado akichanganya ngeli, nikasema moyoni hatamaliza mihula miwili. Nikaandika makala, nikahudhuria makongamano, nikapanda cheo. Lakini je, ni habari za nani zilizoulizwa sokoni Gede? Watu walinisimamisha, wakanipa shikamoo kwa heshima zote, kisha wakaniuliza, "Mwalimu Nyakio hajambo?"

Kisa chenyewe ni cha miaka mitano iliyopita. Wanafunzi wake wanne walikuta viti vya magurudumu vimerundikwa nyuma ya zahanati moja, vyote vya msaada, vyote vibovu, kwa kuwa hapakuwa na fundi wa kuvitengeneza. Nyakio akawaombea stoo tupu iliyo nyuma ya maktaba. Wakavifufua vile, kisha wakaanza kupokea vingine kutoka vijijini. Mwenye uwezo alilipia vipuri, asiye nao alitengenezewa bure. Baadaye wakafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa vijana. Walikaa na wenye viti, wakasoma nao sheria, wakafuatana nao kwenye mikutano ya wadi ya kutoa maoni ya bajeti, tena na tena, mpaka mlango wa ile zahanati ukajengewa njia ya mteremko.

Mnadhani nilifurahi? Mwanafunzi wangu bora, Tumu, binti wa Malindi niliyekuwa nikimwandaa kwa shahada ya pili, alinijia kwa adabu akaniambia angependa kufanyia utafiti wake kule stoo. Kwa mdomo nilimkubalia. Alasiri ile, nikiwa mjumbe wa kamati ya majengo, niliandika barua kwamba kazi ile haina elimu ndani yake, na kwamba stoo inahitajika kwa kuhifadhi nyaraka. Niliiandika kwa Kiingereza kizuri sana. Kamati ikanikubalia, stoo ikafungwa, na viti sita vikabaki ndani vimefunguliwa nusu.

Nyakio alijua ni mimi, maana jina langu lilikuwa pale chini ya barua. Hakuninunia. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi kama kawaida, na hilo likanichoma zaidi.

Wiki ya saba baada ya stoo kufungwa nilipeleka kanzu kupunguzwa Gede, nikaelekezwa kwa fundi Mangi, huyu mnayemwona hapa mbele. Kibanda chake nilikikuta kimefungwa. Nikapelekwa nyumbani, nikamkuta ameketi mkekani, mikono haina kazi. Alinieleza kwamba kiti chake kimefungiwa chuoni, cherehani iko kibandani, wateja wamehamia kwingine, na msalani anabebwa mgongoni na kaka yake. Aliposikia ninafundisha chuoni, alishusha sauti.

"Mzee, huyo aliyesema kazi ile haina elimu, wamjua?"

Ningeweza kusema simjui, na mambo yakaishia pale. Nikamwambia, "Ni mimi."

Aliitazama kanzu yangu, kisha akasema: "Basi kesho niletee kiti changu. Ukilete wewe, usimtume mtu."

Asubuhi nilichukua ufunguo kwa mlinzi, kwa mamlaka yaleyale niliyoifungia stoo, nikaenda kwa Nyakio. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Nilipomwona yakanipotea yote, nikamwambia tu kwamba stoo iko wazi na mimi sijui kufunga gurudumu. Akamwita Tumu anifundishe. Nilishinda nimepiga magoti sakafuni, msichana niliyemsomesha akiniambia nilegeze hapa na nikaze pale, na beringi ya kwanza nikaivunja. Kabla ya magharibi nilikisukuma kiti mwenyewe hadi uani kwa Mangi. Akakikalia, akazunguka mara mbili, akasema gurudumu la kushoto linavuta upande. Lilikuwa linavuta kweli. Barua yangu niliifuta juma lilelile mbele ya kamati, na sababu yangu ya kweli nikaitaja.

Mheshimiwa Naibu Chansela, nakuuliza kwa heshima. Makala yangu saba yalinipandisha cheo. Mbona viti mia nne vilivyofufuliwa stoo kwa mama huyu havikumpandisha? Anastaafu na cheo kilekile alichoanza nacho. Ikiwa chuo kinataka vijana wanaoifaa jamii, basi stoo ile ipewe hati yake, msimamizi wake apewe saa zake, na kazi ile ihesabiwe tunapopandishana vyeo. Isiwe inategemea mzee mmoja mwenye kijicho ameamkaje siku hiyo.

Nawe, Nyakio. Nilidhani utanitaja mimi nikurithi kule stoo. Juma lililopita ukamtaja Tumu, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzetu. Nilijifungia ofisini, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, wivu ukinila upya. Uliona sawasawa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilipotoka nilikwenda kumuuliza Tumu anihitaji siku gani. Amenipa Alhamisi, nifagie na kupanga spana.

Nimekubali. Wivu bado ninao, dada yangu, wala sitarajii kupona. Nenda salama.

Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia mpaka hapa.