Unga wa Mkate Mmoja

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya karakana ya baiskeli, ukitazamana na duka la mikate. Upande mmoja umelegea, kwa hiyo anayeinuka bila kuaga huwamwaga wenzake. Mwenye karakana ni Spoki, ambaye grisi haijawahi kumtoka kwenye kucha. Kinyozi wa jirani anaitwa Taarifa, kwa sababu redio yake humpa nusu ya kila habari na nusu ya pili huimalizia mwenyewe. Mwokaji wa ng'ambo ya barabara ni Mama Tanuri, na kwa kuwa birika la kahawa ni lake, hakuna anayembishia mpaka mwisho. Wa nne ni mzee aliyefundisha takwimu chuo kikuu hadi akastaafu, wakambatiza Desimali siku alipokataa kukiita kikombe chake "kama nusu hivi". Ni yeye peke yake ambaye kila akitaka kuinuka husema "nainuka", akasubiri watu washike ubao. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akija, akinywa, akisahihisha mawili matatu, na kurudi kwake. Asubuhi hii alikuja amepakata mfuko mdogo wa karatasi, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

— Mzigo gani huo, Desimali? aliuliza Spoki.

— Unga.

— Unga! Na duka la mikate linakutazama usoni?

— Ni wa ngano yake.

Hakuna aliyeuliza ya nani. Mkewe alikuwa mtafiti wa mazao, na umri wake wa kazi wote uliishia kwenye ngano isiyougua kutu, ule ugonjwa wa kuvu unaopaka mashina vumbi jekundu na kumwachia mkulima masuke matupu. Ruhusa ya ngano hiyo kuliwa na watu ilitoka yeye akiwa ameshazikwa. Wenzake kazini walisaga kidogo wakamletea mumewe, unga wa kutosha mkate mmoja. Ukakaa kabatini. Kila siku alifungua kabati, akautazama, akafunga.

— Nilitaka kukuomba uniokee, alianza kumwambia Mama Tanuri, sauti ikampanda bila kutaka, akaishusha. Uniokee mkate.

Mama Tanuri alifuta mikono kwenye aproni, akaupokea mfuko. Yaani aliushika. Desimali hakuwa ameuachia.

— Subirini kwanza! alisema Taarifa. Hiyo si ile waliyoitia chura?

— Hakuna chura, alisema Desimali. Ni vinasaba vya majani ya porini, ndugu wa ngano. Hayo majani kutu huyapita tu.

— Redio ilisema chura.

— Ilisema, au ulimalizia?

— Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, sikusikia vizuri. Lakini hebu tumieni akili. Ngano haishikwi na kuvu. Basi mkate wake hauoti ukungu. Anayeula naye haozi. Si muda mrefu mji utajaa wazee wa miaka mia tatu, wote wananiambia, "Kijana, nipunguzie pembeni!"

— Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Spoki.

— Kuku kaingiaje hapa?

— Kwani kuku hali ngano?

Taarifa alijimiminia kahawa.

— Mimi wasiwasi wangu ni huyo kuvu mwenyewe, Spoki aliendelea. Naye ana tumbo. Ukimfungia ngano, ataenda wapi? Atahamia kwenye mpira. Mtaona! Mtu anaamka, tyubu imeota kutu, tairi limenyauka kama suke.

— Wewe unaombea biashara tu.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Hiyo nayo inahusu nini?

— Inahusu tyubu.

Desimali aliweka kikombe chini.

— Alinieleza hivi. Kuvu ni mwizi mvumilivu. Ukiweka kufuli moja, atakaa nje anachonga ufunguo mpaka aupate. Wengine walikuwa wanaweka kufuli, linafunguliwa, wanaweka jingine, linafunguliwa. Yeye akafunga makufuli kadhaa kwa mkupuo, kwenye komeo moja, ili mwizi asipate nafasi ya kujifunza moja moja.

— Shemeji yetu alikuwa na kichwa, alisema Spoki, safari hii bila methali.

Mama Tanuri alikuwa bado ameushika mfuko, na swali lake lilikuwa linaumuka.

— Shemeji, alisema. Na hamira?

— Hamira imefanya nini?

— Hamira si kuvu? Mkeo ndiye aliyeniambia, amesimama pale pale mlangoni. Sasa ngano iliyofundishwa kupigana na kuvu, nikiikanda na hamira, si vita hiyo bakulini mwangu? Hamira itauawa, mkate utalala kama tofali. Na unga ndio huu huu, hakuna mwingine.

Taarifa alishika kichwa. Hili hata redio haikuwa imelifikia.

— Kufuli linamjua mwizi wake, alisema Desimali. Linazuia kutu, halina habari na hamira. Tena unga si mmea ulio hai.

— Umewahi kuuona umeumuka?

— Hapana.

— Basi unanisomea kitabu.

Kwa kawaida hapo Desimali angetoa hoja ya pili na ya tatu. Hakutoa. Hakuwa anaiogopa hamira. Alichoogopa ni kwamba maadamu mfuko ulikuwa umefungwa, palikuwa na jambo moja la mkewe ambalo halijafika mwisho. Alijua fika kuwa hilo halina hesabu. Vidole vyake vilibaki kwenye karatasi.

— Unga una siku zake, shemeji, Mama Tanuri alisema polepole. Wadudu hawasubiri msiba upoe.

Alikuwepo mwanamke mmoja, mgeni hapo mtaani, amesimama na baiskeli yenye pancha akingoja mazungumzo yapungue. Hayakupungua.

— Samahanini, jamani, alisema. Yeye mwenyewe aliupenda? Huo mkate wa ngano yake?

Taarifa alimtazama Spoki. Spoki aliitazama baiskeli. Mama Tanuri alimtazama Desimali.

— Hakuwahi kuuonja, alisema Desimali. Ilikuwa marufuku. Ngano ya majaribio hailiwi, sheria ni sheria. Kila mavuno walipima, wakaweka mbegu akiba, iliyobaki wakaichoma pembeni mwa shamba, naye amesimama hapo kuhakikisha. Siku hizo alirudi nyumbani kitambaa chake cha kichwa kinanukia mkate. Kinanukia kabisa. Nilikuwa namwambia asikifue.

Desimali aliachia mfuko.

Mama Tanuri alivuka barabara. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona akimimina, akitia hamira, akikanda kwa viganja vyote viwili, akifunika bakuli kwa kitambaa cheupe na kulisogeza karibu na joto. Spoki akaziba pancha, akajaza upepo, akasema tayari. Mgeni akasema ahsante, akakaa benchini. Kahawa iliisha na hakuna aliyelitikisa birika. Watu wazima wanne waliketi wakitazama kitambaa.

— Kimenyanyuka, alinong'ona Taarifa.

— Ni upepo.

— Upepo gani una tumbo? Kimenyanyuka! Hamira imeshinda!

— Hapakuwa na vita, alisema Desimali, lakini alikuwa ameshikilia ukingo wa ubao kwa nguvu.

Mkate ulikuja moto juu ya ubao wa kukatia, upande mmoja umeungua kidogo. Taarifa, aliyekuwa anaogopa kuishi miaka mia tatu, alichukua vipande viwili. Alitafuna akikodoa macho, akasubiri, akameza.

— Mbona mkate tu? alilalamika. Kelele zote zile, mkate tu?

Desimali alimega pale palipoungua. Kwanza alinusa. Alikaa hivyo kitambo, na wenzake wakapata kazi ya kuangalia makombo. Kisha akala, taratibu, mpaka kipande kikaisha, akamgeukia mgeni.

— Uliuliza kama aliupenda.

— Ndiyo, baba.

— Angesema chumvi imepungua.

— Chumvi? Mama Tanuri alishika kiuno. Chumvi, kwenye mkate wangu? Maisha yake yote hapa mtaani alinisumbua na chumvi, na maisha yake yote alikosea!

— Hakukosea, alisema Desimali. Nenda uniletee... Hapana. Kaa. Najua unapoiweka.

Akainuka kwenda kuifuata, bila kuaga, na Spoki, Taarifa na mgeni wakamwagika chini pamoja na vikombe.