Mvuke Uliorudishwa

Kwenye treni ya asubuhi, fundi wa boila alimwamkia mzee aliyeketi kando yake, akamuuliza kama amestaafu.

"Nimestaafishwa, mwanangu. Nilichochea kuni kiwanda cha nguo miaka ishirini. Kuna mtu kabuni mabomba ya kurudisha mvuke uliokuwa ukipotea. Kuni zimepungua nusu, na sisi wachocheaji nusu."

Fundi, aliyeyachora mabomba hayo mwenyewe, akasema, "Lakini moshi umepungua, mzee wangu."

"Kweli. Hata kikohozi cha mke wangu kimekwisha. Sasa anapumua vizuri, ila chungu jikoni ndicho kimenuna."

Fundi alitaka kusema ni yeye aliyeyabuni. Treni ikasimama, naye akainuka na mkoba wake wa zana.

"Haya, shuka mwanangu," mzee akasema, "usije ukachelewa kazini."